Makofi ya Tupendane

Nchi yetu sitaitaja jina. Si kwamba naogopa. Waziri wetu aliwahi kusema kwamba mwandishi mzuri humwacha msomaji ajitafutie mwenyewe, na Waziri akisema jambo mimi hulipigia makofi kwanza, kulifikiria baadaye. Kama wewe unaona inafanana na nchi unayoijua, tafadhali usiniambie.

Mimi ni Mshereheshaji Mkuu wa Taifa. Kazi yangu ni kushika kipaza sauti kabla wakubwa hawajasema na baada ya wakubwa kumaliza, ili watu wajue lini wafurahi. Wasiotujua hudhani nchi hii inaendeshwa na bunge, mahakama na wizara. Inaendeshwa na makofi. Mgeni akifika tunampigia, akiketi tunampigia, akikohoa kusafisha koo tunampigia yale ya kilo, mazito, ya pamoja. Bei ya unga ilipotangazwa kupanda, uwanja mzima ulipiga makofi matatu kabla mtu hajasikia imepanda kiasi gani. Huo si ujinga, ni malezi. Mtoto wetu hujua kupiga makofi kabla hajajua kutembea, na mtu mzima asiyepiga huulizwa anaumwa nini. Akijibu kwamba haumwi, huulizwa tena, na safari hii wanaomuuliza si madaktari.

Kwa hiyo dunia ilipoamka na kuanza kutafuta maadili, ilitukuta tumeshajiandaa.

* * *

Serikali mbalimbali zilikuwa zimegundua kwamba kila nchi inawalinda watu wake peke yake dhidi ya watafiti wa dawa, na zikaona huo ni uchoyo. Zikakubaliana kushirikiana. Mkutano Mkuu wa Mataifa Rafiki kuhusu Maadili ya Tafiti kwa Binadamu ukaja kufanyika kwetu, katika ile hoteli yenye kiyoyozi kikali kiasi kwamba wajumbe wa kutoka Mataifa ya Baridi, kama tunavyowaita, waliomba makoti.

Hawa wa Mataifa ya Baridi walitueleza shida yao kwa uchungu. Kwao kanuni zimekuwa nyingi mno. Mtafiti hawezi kumchoma sindano hata panya mpaka panya apate wakili. Sisi, kwa upande wetu, kanuni tulikuwa nazo chache, ila watu tulikuwa nao tele, na wengine walikuwa hawana shughuli yoyote zaidi ya kilimo. Waziri wetu wa Afya, Maadili na Uhusiano Mwema, Mheshimiwa Dakta Makombo, alisimama akatengeneza tai yake, akatoa sentensi iliyoingia katika historia.

"Wao watachangia kanuni," alisema, "sisi tutachangia watu."

Nikaita makofi ya kilo. Yakaja.

Wakaandika mkataba. Kifungu chake kikuu kilisema kwamba nchi moja ikiidhinisha utafiti, nchi nyingine zote zitautambua bila kuuliza swali, kwa sababu kuuliza ni dalili ya kutoaminiana. Kilibaki kikwazo kimoja tu, nacho ni ridhaa. Ridhaa, tulielezwa, maana yake mtu aambiwe anafanyiwa nini, aelewe, kisha akubali kwa hiari yake. Wajumbe walilijadili jambo hili kwa masikitiko. Ukimweleza mtu ataelewa, akielewa atauliza, na akishaanza kuuliza mradi unachelewa. Mjumbe mmoja kutoka kisiwa kidogo chenye benki nyingi alipendekeza ridhaa itolewe na marais kwa niaba ya wote, lakini ikaonekana marais wana shughuli.

Aliyetutoa hapo ni Bwana Ostermik, Mwangalizi wa Kimataifa wa Ridhaa. Ni mtu mrefu, mpole, mwenye macho ya kutoka machozi haraka, na tangu alipotua uwanja wa ndege alikuwa amevaa shati la kitenge lenye picha za majogoo. Alikuwa akiwatazama wahudumu wa hoteli walivyopiga makofi kila mjumbe alipofungua mlango, akauliza yana maana gani. Mheshimiwa Makombo hakusita. Alimjibu kwamba katika utamaduni wetu mtu akipiga makofi, amekubali.

Bwana Ostermik akatoa leso. Alisema kwao watu wameipoteza hekima ya namna hii, wamebaki na sahihi na mawakili. Kabla ya chakula cha mchana mkataba ulikuwa umeshapata nyongeza iitwayo Ridhaa kwa Makofi, nami nikaombwa niongoze makofi ya kuikubali. Nikaongoza. Ikapita bila kupingwa, maana hakuna anayejua namna ya kupinga kwa mikono.

Chakula kilikuwa kuku, ndimi za ng'ombe na kamba wakubwa waliopangwa na macho yao yote. Mheshimiwa Makombo alikula paja huku akizungumzia utu wa binadamu. Mafuta yalimshuka kidevuni yakapita mkononi hadi kwenye mkanda wa saa, na kila alipotamka neno utu, kipande kidogo cha ngozi ya kuku kiliruka kutoka mdomoni. Kimoja kilitua kwenye kola yangu. Nadhani kichefuchefu changu kilianzia hapo. Daktari wangu anasema ni mayonesi, nami namwamini kwa kuwa amesoma.

* * *

Kijiji cha kwanza kubahatika kilikuwa Tupendane. Kilichaguliwa kwa sababu kina barabara inayopitika na mwenyekiti asiyeuliza. Tulifunga mahema, tukaweka maspika, tukapika pilau.

Bwana Ostermik ndiye aliyetoa maelezo ya mradi. Alizungumza kwa lugha ya kwao, kwa hisia, na kwa muda mrefu sana. Mkalimani alikuwa amekwenda kuhakiki pilau. Watu wa Tupendane walimsikiliza kwa adabu, wanawake wakiwa wamekunja miguu kwenye majamvi, wanaume wakitikisa vichwa pale alipoonekana kutaka vitikiswe. Alipomaliza aliniangalia. Nikainua kipaza sauti nikasema nilichokisema maisha yangu yote, kwamba ndugu zangu wa Tupendane, makofi matatu ya pamoja kwa wageni wetu, na nikawahesabia.

Wakapiga. Walipiga vizuri kweli, sitawanyima sifa hiyo. Kamera ya Bwana Ostermik ikawazunguka taratibu kutoka mwanzo wa uwanja hadi mwisho, naye akanyanyua kidole gumba. Kijiji kizima kilikuwa kimeelezwa, kimeelewa na kimeridhia.

Kisha vijana na wasichana wakapangwa foleni, wakachomwa sindano. Kila aliyechomwa alipewa mche wa sabuni na fulana nyeupe iliyoandikwa MIMI NI MSHIRIKA. Katika foleni ile alikuwamo binti mmoja aitwaye Chausiku, aliyekuwa akishona nguo kwenye baraza ya duka la mwenyekiti. Namkumbuka kwa sababu alicheka. Alipopewa fulana hakusoma maandishi, aliigeuza nje ndani, akatazama mshono wa mkono, akamwambia mama yake kwamba aliyeshona hii alikuwa na haraka ya kwenda kwao, na kwamba akifika nyumbani ataifumua aishone upya. Mama yake alimwambia ashukuru, asitie kasoro vitu vya watu.

Wakati huo sikujua kuwa mama yule anaitwa Sikudhani.

* * *

Nilimjua alipokuja mjini. Nilimkuta ameketi kwenye ngazi za Baraza la Taifa la Maadili, jengo zuri la vioo ambalo tulilizindua mara mbili kwa sababu mara ya kwanza Waziri alikuwa na mafua.

Shida yake ilikuwa moja na fupi. Chausiku alianza kwa kuvimba ulimi. Kisha rangi zikampotea machoni, nyekundu na kijani zikawa kitu kimoja. Halafu vidole vikagoma, vikawa havishiki sindano ya cherehani wala kijiko. Daktari wa hospitali ya wilaya, kijana aitwaye Yusto, alimweleza mama waziwazi. Dawa za kuondoa sumu mwilini alikuwa nazo za aina mbili. Moja ingemponya msichana na nyingine ingemmaliza, na ipi ni ipi ilitegemea alichomwa nini. Basi akamtuma mama akaulize jina la ile dawa. Mama hakutaka fidia wala msamaha wa mtu. Alitaka jina.

Katibu wa Baraza alimpokea vizuri, tena alimpa kiti. Alimweleza kwamba hapa hawashughulikii dawa, wanashughulikia maadili ya dawa. Utafiti wa Tupendane uliidhinishwa kwetu kwa sababu Mataifa ya Baridi waliuidhinisha, na Mataifa ya Baridi waliuidhinisha kwa sababu sisi tuliuidhinisha, kwa hiyo umeidhinishwa mno, pengine kuliko utafiti wowote duniani. Ama jina la dawa, hilo ni mali ya kampuni, na kampuni hujibu maswali ya mabaraza yote kwa pamoja tu, yakiwa yamekaa kikao kimoja na kuitana rafiki. Sikudhani akauliza kikao hicho kitakaa lini. Katibu akasema kwa furaha kwamba hilo ni swali zuri, na akampigia makofi.

Aliponiona napanda ngazi alisimama. Alinitazama usoni kwa muda kama anayetafuta sauti yangu.

"Kaka, wewe ndiye uliyetupigisha makofi."

Nilimwambia kwamba mimi huwapigisha watu wote, sina ubaguzi.

"Basi niulizie hilo jina," alisema. "Wewe una kipaza sauti."

Nikamfahamisha kwamba kipaza sauti ni cha serikali. Alikubali kwa kichwa, akaketi tena pale pale, akafunua kanga akatoa muhogo wa kuchemsha, akanimegea kipande. Sikukila. Tumbo langu siku hizo lilikuwa linakataa kila kitu. Ila kuketi kwake pale kulinikera kwa namna ambayo mpaka leo sijaielewa, na nilipopata nafasi ya kumwingiza kwenye ratiba, nilimwingiza.

Nafasi yenyewe ilitokea hivi. Mataifa Rafiki walikuwa wanakuja kwa kikao cha dharura cha kupongezana, na ratiba ilikuwa na kipengele kiitwacho Sauti ya Mwananchi. Mwananchi wa kawaida tuliyezoea kumtumia alikuwa amesafiri, yuko mkutano wa tabianchi. Nikamwambia Waziri kwamba ninaye mwingine, na huyu hata kuigiza haigizi. Waziri aliuliza kama ana meno, kwa ajili ya picha. Nikasema anayo.

* * *

Alivaa doti yake ya sikukuu. Nilimtangaza kwa maneno machache, nikamkabidhi kipaza sauti.

"Naitwa Sikudhani, natoka Tupendane," alisema. "Mwanangu Chausiku yuko hospitali, hashiki hata kijiko. Daktari anataka jina la dawa mliyomchoma ili ajue amtibu kwa ipi. Nimekuja kuuliza jina. Sina neno lingine."

Bwana Ostermik alikuwa wa kwanza kusimama. Machozi yalikuwa yakimshuka hadi kwenye majogoo ya shati. Alipiga makofi, na mataifa yote yakasimama nyuma yake yakapiga, yakapiga, yakapiga. Katika kazi yangu yote sijawahi kusikia makofi marefu kama yale. Sikudhani alisubiri yaishe ili ajibiwe. Kila yalipopungua alifungua mdomo, na kila alipofungua mdomo wakadhani anashukuru, wakaanza upya.

Hatimaye mwenyekiti wa kikao alitoa uamuzi. Kwa mujibu wa mkataba wetu, kitu kilichopigiwa makofi kimekubaliwa. Malalamiko ya mama huyu yamepigiwa makofi na mataifa yote bila hata moja kujizuia. Kwa hiyo yamekubaliwa yote kama yalivyo, na jambo lililokwisha kukubaliwa halina haja ya kujadiliwa. Akampa ngao ya kioo yenye maandishi SAUTI, akasema chakula kiko tayari upande wa bwawa la kuogelea.

Sikudhani aliwafuata huko na ngao yake kwapani. Nilimwona akienda kwa mjumbe mmoja baada ya mwingine. Hakuna aliyemfukuza, hilo nalishuhudia. Wote walikuwa na midomo iliyojaa, kwa hiyo walimwelekeza kwa mifupa. Mjumbe wa nchi yenye kampuni alinyoosha mfupa wa mbavu kumwonyesha mjumbe wa nchi yenye maabara. Wa maabara alikuwa na ute wa mchuzi kwenye ndevu, naye akanyoosha bawa la kuku kuelekea kwa yule wa kisiwa chenye benki. Wa kisiwa alilamba vidole vyote, kimoja kimoja, ndipo akasema kwao dawa ile imesajiliwa kama meli. Mfupa wake ukaelekea kwa Mheshimiwa Makombo.

Mheshimiwa alikuwa akinyonya uboho. Alinyonya mpaka mwisho, ule mlio ukasikika hadi ng'ambo ya bwawa, kisha akamtazama mama wa watu.

"Jina liko kwenye mchakato, mama," alisema. "Kula kwanza."

Nilichukia pale. Nalisema wazi kwa kuwa daktari wangu aliniambia nisiweke mambo moyoni: niliuchukia ule mdomo, na mlio wake, na mfupa, na maji ya buluu ya bwawa lile ambamo vijiti vya meno vilikuwa vinaelea. Kisha nikakumbuka kwamba mimi ni mtumishi wa umma, nikaita makofi kwa ajili ya wapishi.

* * *

Sikudhani alirudi Tupendane na ngao. Daktari Yusto alikuwa amesubiri mpaka msichana akawa hawezi kumeza mate, na aliposikia kwamba jina liko kwenye mchakato, alichagua moja kati ya zile dawa mbili kwa kubahatisha. Hakubahatika.

Walimzika Chausiku mchana. Wanawake waliomwosha walisema chini ya mto wake palikuwa na ile fulana, mkono mmoja umeshafumuliwa na kushonwa upya kwa mshono mzuri ulionyooka, mkono wa pili bado.

Serikali haikuwaacha wafiwa peke yao. Ilileta mahema yale yale ya siku ya sindano, na Mheshimiwa Makombo alikuja mwenyewe akatoa hotuba. Alisema wengine hufa kwa malaria, wengine kwa ajali, vifo vya hovyo visivyo na mpangilio, lakini binti huyu amefariki ndani ya mfumo. Alimtaja kuwa mshirika. Alilia kidogo upande wa kamera. Makofi sikuyaita, maana hata nchi yetu haijafika hapo, lakini wajumbe wawili watatu wageni walipiga kwa mazoea na hakuna aliyewakataza.

Uchunguzi pia ulifanyika, tena wa kimataifa. Kila nchi ilichunguza nchi nyingine, zikabadilishana matokeo kwenye hoteli ya kisiwa, na tamko likatolewa kwamba hakuna nchi iliyoonekana kuwa na kosa peke yake, na kwamba makosa ya pamoja ni ushahidi wa ushirikiano. Mataifa mengine mawili yaliomba kujiunga.

Kichefuchefu kilikuwa kimenishika tena msibani, ambako chakula kilikuwa ugali na maharage. Mayonesi hapakuwa nayo. Sikumwambia daktari wangu.

* * *

Mvua zilipokwisha tulirudi Tupendane kwa sherehe. Safari hii palikuwa na jukwaa lenye zulia, matarumbeta ya jeshi, na kitambaa cha buluu kimefunika kitu kikubwa. Bwana Ostermik alikuwa na kitenge kipya chenye picha za samaki.

Mheshimiwa Makombo alianza kwa habari njema. Utafiti umefaulu. Dawa ile, alisema, imethibitishwa kutibu maumivu ya kiwiko yanayowapata wacheza gofu wa Mataifa ya Baridi, watu ambao kwa miaka mingi wameteseka kimyakimya viwanjani. Watu wa Tupendane walitazamana. Mzee mmoja aliuliza jirani yake gofu ni nini, na jirani akasema nadhani ni aina ya mgodi.

Halafu Mheshimiwa akamwita Sikudhani jukwaani. Alipanda polepole. Akasimama kati ya Waziri na Mwangalizi, mikono ikining'inia ubavuni, na kitambaa kikavutwa.

Lilikuwa bango la chupa ya dawa, kubwa kuliko nyumba za pale. Juu ya chupa pameandikwa kwa herufi za dhahabu: CHAUSIKINI.

"Mama, wewe ulisafiri mpaka mjini kutuuliza jina la dawa," alisema Mheshimiwa, na sauti yake ilitetemeka kwa kujipenda. "Serikali yako ni sikivu. Mataifa Rafiki wote kwa kauli moja wameipa dawa hii jina la mwanao. Jina lako hilo, tumekuletea."

Matarumbeta yakapiga. Sikudhani alilitazama bango mpaka matarumbeta yakamaliza. Kisha akasogea karibu na kipaza sauti changu, nami sikukivuta.

"Kabla hamjaipa jina la mwanangu, ilikuwa inaitwaje?"

Mheshimiwa alimgeukia Bwana Ostermik, wakanong'onezana. Bwana Ostermik alionekana kufurahi kuulizwa jambo analolijua. Mheshimiwa akarudi na jibu, akalitoa kwa upole, kwamba ilikuwa haina jina. Ilikuwa na namba tu.

"Mngenipa hiyo namba," alisema Sikudhani. "Daktari angeielewa."

Hakupaza sauti. Ila maspika yetu ni mazuri, yalinunuliwa kwa msaada wa Mataifa Rafiki, na maneno yale yalifika mpaka kwenye mashamba ya mtama. Mheshimiwa akakohoa. Akaona heri aendelee mbele na ratiba, akatangaza awamu ya pili. Awamu hii itawahusu watoto wadogo, kwa kuwa nao siku moja watakuwa na viwiko vya watu wazima, na kinga ni bora ianze mapema. Magari ya sindano yalikuwa yameshaegeshwa nyuma ya jukwaa, injini zinanguruma ili majokofu yasizime. Kilichobaki ni ridhaa tu.

"Na hiyo ya watoto," Sikudhani aliuliza, "mtaipa jina la mtoto wa nani?"

Kule uwanjani nikaona mama mmoja anamvuta mwanawe kutoka kwenye jamvi na kumpakata. Wa pembeni yake akafanya hivyo hivyo. Kisha wote, wanawake kwa wanaume, mababu na mashangazi, kila aliyekuwa karibu na mtoto akamnyanyua akamkumbatia, wake au wa jirani. Watoto wengine walikuwa wakubwa, miguu inaburuzika chini, lakini wamebebwa.

Mheshimiwa aliniashiria. Bwana Ostermik alikuwa ameshainua kamera. Nikasema ndugu zangu wa Tupendane, makofi matatu ya pamoja, nikahesabu moja, nikahesabu mbili, nikahesabu tatu.

Hayakuja. Hawakugoma, maana mtu hawezi kusema kwamba waligoma. Mikono yao yote ilikuwa imeshika watoto. Nikahesabu tena, na kilichosikika ni zile injini.

Mheshimiwa Makombo akaniinamia sikioni. Pumzi yake ilikuwa na harufu ya mbuzi wa asubuhi na vitunguu, na jino lake la pembeni lilikuwa na uzi wa nyama uliokuwa ukicheza alipozungumza.

"Waambie waweke watoto chini kwanza," alisema. "Wapige, halafu watawachukua."

Mimi ni mtumishi mtiifu. Nilifungua mdomo niwaambie. Kilichotoka hakikuwa maneno. Kilikuwa chai ya asubuhi ile, na kwa jinsi kilivyotoka kwa nguvu na kwa wingi nadhani ulikuwamo pia ule mkutano wa kwanza, ndimi za ng'ombe na macho ya kamba na utu wa binadamu, vyote vikamiminika juu ya viatu vya Mheshimiwa, vikaloanisha suruali mpaka magotini. Kipaza sauti kilikuwa mdomoni pangu na kilikuwa kimewashwa. Tupendane nzima ilinisikia natapika, mwanzo hadi mwisho.

Nilipoinua kichwa, mama mmoja wa mstari wa mbele alikuwa anacheka mpaka anakosa pumzi. Alikuwa anamtazama Waziri, aliyesimama mguu mmoja hewani, akijitikisa. Yule mama akamweka mwanawe chini ili apate kupiga vizuri, akapiga kofi la kwanza. Akafuata wa pembeni yake. Kisha kijiji chote, watoto wakashushwa mmoja baada ya mwingine, watu wakapiga makofi kwa kucheka na kulia, makofi ya kweli ambayo hakuna aliyewahesabia, ya kwanza ya namna hiyo niliyoyasikia katika nchi hii.

Bwana Ostermik alizungusha kamera yake taratibu kutoka mwanzo wa uwanja hadi mwisho, akanyanyua kidole gumba. Kijiji kizima kilikuwa kimeelezwa, kimeelewa na kimeridhia. Nyuma ya jukwaa milango ya magari ikaanza kufunguliwa.

Sikudhani peke yake hakupiga. Alikuwa bado amesimama chini ya lile bango, na mikono yake ilikuwa mitupu tangu mwanzo.